Mtoto wa Tanga Kazamisha Gari Barabarani

Najua video mmeshaiona, ile niko ndani ya maji kando ya gari, mkono juu. Yule jamaa yangu wa Dodoma hakungoja hata nikauke miguu, kairusha kwenye magrupu matatu na kaandika "Nahodha". Sasa msikieni mwenye gari. Samahani, gari la shemeji.

Bosham ni kijiji cha kusini mwa Uingereza, kiko ukingoni mwa hori la bandari ya Chichester. Nilifuata kanisa, lile lililotariziwa kwenye kitambaa cha Bayeux, kile cha kale kinachosimulia vita vya 1066 vya kuitwaa Uingereza, Harold aliyekuja kuwa mfalme akienda kusali kabla hajapanda jahazi. Wenyeji husimulia kuwa humo kazikwa binti mdogo wa mfalme Canute. Ndiye yule wa hadithi ya kuiamuru bahari isijae, na wao wanadai aliiamuru hapo hapo kwao. Jina hilo mlishike.

Nikaegesha barabara ya ufukweni. Jamaa akauliza, "Mbona lami ina mwani?" Nikamjibu, "Kaka, wewe bahari umeiona ukubwani, niachie mimi mjukuu wa mvuvi." Kibao kinachosema barabara hufunikwa maji yanapojaa nilikiona. Mwezi mpevu wa jana yake niliupiga na picha. Bamvua, maji kujaa sana mwezi ukiwa mpevu, naijua tangu sijaota meno. Msiniulize.

Tunatoka kanisani, saa saba kasoro, bado namhutubia habari za Canute. Akanigusa bega.

Hakukuwa na wimbi wala kishindo. Maji yalikuwa yanatambaa tu kimya kimya, yameshafika nusu ya tairi. Nikavua viatu, nikakunja suruali, nikaingia. Ile baridi nilishikwa miguu, yakauma meno. Katikati ya safari akapita bata maji mmoja mweupe, shingo hiyo, baina yangu na gari, polepole kama trafiki wa Chalinze. Nikamsubiri. Wallahi nilimsubiri apite.

Nikafungua mlango. Hapo ndipo nilipokosea, maana maji yaliingia kabla yangu. Zulia likainuka. Kandambili za shemeji zikatoka moja moja, zikashika njia ya Ufaransa. Wipa zikaanza kupangusa kioo zenyewe, na jua linawaka! Juu ya ukuta wa baa wazee wawili na glasi zao wakanipungia.

Sasa, huo mkono mnaouona nimeuinua, na huyo mtu wenu kwenye magrupu anauliza eti naiamuru bahari: nilikuwa naitikia salamu. Wazee wamekupungia, utanuna?

Basi, maji yakapwa, likaja gari la kukokota, bima wanasema wanachunguza. Shemeji hanisemeshi, ujumbe wote unapitia kwa dada. Kandambili moja imepatikana, ya kushoto.

Na wewe wa Dodoma, ile pauni 20 yako ya mafuta isahau.