Daftari limejaa, mtoto kajifunza nini?

Mzazi wa Dar akilipa ada ya chekechea anataka kuona daftari limejaa. Likiwa tupu, anahisi pesa yake imeliwa. Juzi mdogo wangu kanitumia picha ya homuweki ya mwanawe wa miaka minne: herufi "a" ukurasa mzima, na tiki nyekundu kubwa. Anaringa nayo.

Mimi nafanya kazi kwenye chekechea hapa Tampere, Ufini. Huku mtoto anaanza darasa la kwanza mwaka anaotimiza miaka 7. Mwaka mmoja kabla yake kuna darasa la awali, la lazima tangu 2015. Kabla ya hapo ni kucheza, ndani na nje, theluji inyeshe au isinyeshe.

Wabongo wenzangu wakisikia hivyo wanadhani walimu wa huku wanakula mshahara wa bure. Wangewaona kazini! Oktoba watoto wawili walifungua duka chini ya mti. Bidhaa zilikuwa mawe na mbegu za msonobari, pesa ni majani ya njano. Mwalimu akawatazama kwa mbali kitambo, kisha akaja kama mteja. Akaagiza mikate mitano, akatoa majani matatu, akauliza kama yanatosha. Basi wenye duka wakaanza kubishana bei, wakahesabu upya, mmoja akakimbilia kipande cha boksi ili waandike bei. Mwalimu akajiondokea zake, hakuwasahihishia chochote. Baadaye aliandika kwenye kumbukumbu zake nani anahesabu kwa kugusa kimoja kimoja na nani anaruka namba. Kesho yake watoto walikuta mizani chini ya ule mti. Zile KKK tunazozihangaikia, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, zote zilikuwa dukani.

Sisemi kila cha Mzungu ni bora. Mdako wetu unataka nini zaidi ya kishimo na kokoto? Unarusha moja juu, unachota zote, unarudisha ukibakiza moja. Mzunguko unaofuata unabakiza mbili, halafu tatu. Hapo kuna hesabu za mafungu, na vidole vinapata wepesi wa kushika penseli. Tena watoto wa uswahilini wanacheza wakubwa kwa wadogo mpaka magharibi, hakuna anayewapangia. Huku wakitoka chekechea mtaa unakuwa kimya, na mtoto kumtembelea mwenzake mpaka wazazi waandikiane ujumbe. Hilo kwa kweli linanisikitisha.

Kinachotutenganisha ni idadi. Huku sheria inataka mtu mzima mmoja kwa kila watoto saba waliofikisha miaka mitatu. Mwalimu wa shule ya serikali mwenye watoto mia darasani, ukimwambia akawe mteja wa duka la majani atakucheka, na ana haki. Huyo simlaumu hata kidogo. Nawalaumu wenye shule binafsi zenye watoto ishirini darasani, basi la njano na ada ya mamilioni, ambao bado wanawakalisha watoto kutwa nzima wakinakili ubaoni kwa sababu ndicho mzazi anachokinunua. Uwezo wanao, na nafasi wanayo.

Kwa hiyo, mzazi, kwenye kikao usihesabu kurasa. Muulize mwalimu mwanao anapenda kucheza nini, anacheza na nani, na wiki hii ameona nini kipya kwake. Akikosa jibu, hapo ndipo udai ada yako.