Reli ya Iowa iliokolewa na wenye mizigo, yetu inamsubiri nani?

Hapa Iowa City, jimbo la Iowa, Marekani, watu hununa treni ya mizigo inapofunga barabara. Mimi hufurahi. Hupita matangi ya ethanoli, yakaja mabehewa ya nafaka, yakafuata makontena, na foleni ya magari inazidi kurefuka nyuma yangu. Nimezaliwa Tabora, kwenye kota za reli, na mtu wa Tabora hahitaji kuelezwa treni ya mizigo ikipita ina maana gani kwa mama muuza chai pale stesheni.

Treni hiyo ni ya Iowa Interstate. Ni reli ya ukanda, si moja ya yale makampuni makubwa ya Marekani. Njia yake ina kama kilomita 800, kutoka Council Bluffs kwenye mto Missouri hadi upande wa Chicago. Ndugu zangu, njia hii ilikufa. Ilikuwa mali ya Rock Island, kampuni ya zamani iliyofilisika mwaka 1975 ikiwa na mataruma yaliyooza na treni zinazotambaa kwa kuogopa kuanguka. Agosti 1979 wafanyakazi wakagoma. Machi 31, 1980 kampuni ikasimama kabisa, na kilichobaki kikawa cha kugawana wadai. Njia ile ingeweza kung'olewa ikauzwa chuma chakavu, kama zilivyong'olewa nyingine nyingi za kampuni hiyohiyo.

Hawakuiokoa matajiri wa New York. Waliiokoa wenye mizigo. Kampuni zenye viwanda na maghala kandokando ya reli ziliungana, zikaunda Heartland Rail Corporation, zikaweka fedha zao, zikakopa pia kwa mamlaka ya jimbo inayoshughulikia fedha za reli, zikainunua njia. Mwishoni mwa 1984 Iowa Interstate ikaanza kutembea juu yake. Waliotoa fedha walikuwa na mahindi na bidhaa za kusafirisha, na reli ingelala wangeumia wao kabla ya mtu mwingine yeyote.

Hapo ndipo roho yangu huuma. Kwetu, mwenye mzigo reli ikimchelewesha hununua lori. Simlaumu. Najua mtu anavyosubiri behewa wiki baada ya wiki na mzigo umelala, simu za ofisini hazipokelewi. Mwishoni mwa 2009 maji yalipoondoa tuta kule Kilosa hadi Gulwe, njia ilikatika kwa miezi, wafanyabiashara wakahamia barabarani, na wengi hawakurudi. TAZARA nayo, reli ya Tanzania na Zambia, iliyobeba zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka katika siku zake nzuri za miaka ya 1970, ilishuka mpaka tani 88,000 hivi mwaka 2014/15. Shaba ya Zambia haikwisha. Ilipanda malori, ikapita Tunduma, na sasa tunalia barabara zimechimbika.

Najua atakayeniandikia kwamba nimekaa Marekani nimeanza kudharau nyumbani. Kaka, soma vizuri. Mji mkuu wa jimbo hili, Des Moines, hauna treni hata moja ya abiria. Ile ya Amtrak, shirika la treni za abiria la Marekani, inapita kusini, Osceola, kwa hiyo mtu wa Des Moines lazima apande gari kuifuata. Iowa Interstate yenyewe ni ya mizigo tu, na mpango wa treni ya abiria kutoka Chicago hadi hapa Iowa City umezungumzwa miaka nenda rudi bila kichwa kimoja cha treni kufika. Wakati huohuo, tangu 2024, shangazi yangu anatoka Dar asubuhi kwa treni ya umeme na mchana anakula Dodoma. Nilipowaonyesha wenzangu kazini video ya SGR, hiyo reli yetu mpya, walidhani ni Ulaya. Nilitembea kifua mbele wiki nzima, na bado natembea hivyo.

Mwingine atasema Marekani wana hela, sisi hatuna. Rock Island ilikuwa Marekani na ilifilisika hivyohivyo.

Wa tatu ndiye ninayemheshimu zaidi. Atasema reli ni ya umma, tulishaonja ubinafsishaji. Kweli kabisa. Mwaka 2007 tuliikabidhi Reli ya Kati kwa kampuni ya RITES ya India, yenye asilimia 51 ya hisa, kwa mkataba wa miaka 25, na haikufika hata mitano kabla ya serikali kuirudisha. Majirani zetu wa Kenya na Uganda waliingia na kampuni binafsi ya RVR (Rift Valley Railways) mwaka 2006, wakaachana nayo 2017. Lakini tuangalie tulimpa nani. Tulimpa mgeni ambaye hakuwa na gunia lake hata moja kwenye behewa. Tumbaku ya Tabora haikuwa yake, chumvi ya Uvinza haikuwa yake, mawese ya Kigoma hayakuwa yake. Treni ikilala Itigi, yeye hakosi usingizi.

Na msidhani Iowa ni mbali sana na sisi. Baadaye Iowa Interstate ilimilikiwa na Railroad Development Corporation ya Pittsburgh, na kampuni hiyohiyo ilishiriki mwaka 1999 kuchukua reli za Malawi, kisha korido ya Nacala kule Msumbiji. Kwetu pia lipo jambo dogo la kufanana na hili: Shirika la Chakula Duniani liliwahi kugharamia ukarabati wa mabehewa ya TRC, Shirika la Reli Tanzania, ili chakula chake kisafiri. Mwenye mzigo aliweka fedha, mabehewa yakatembea.

Sitaki reli iuzwe. Nataka SGR inapoelekea Tabora na Isaka, vyama vya ushirika vya tumbaku, wafanyabiashara wa Kigoma na Bujumbura, na wenye malori wenyewe waitwe mezani mapema, waruhusiwe kumiliki mabehewa yao na sehemu ya hisa, wakae kwenye bodi na kuuliza kwa nini treni ya jana haijaondoka. Mkandarasi amekuwa akiitwa kila siku. Mkulima wa Urambo, ambaye mzigo ni wake, ameitwa lini?