Downey nyuma ya barakoa ya Doom: tunapopinga uteuzi, tunapinga nini hasa?

Tarehe 27 Julai 2024, kwenye jukwaa la Comic-Con, tamasha la mashabiki wa katuni na filamu mjini San Diego, mtu aliyevaa joho la kijani alivua barakoa ya chuma, na sura iliyojitokeza ilikuwa ya Robert Downey Jr. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Mtandaoni nusu ya watu walishangilia na nusu walisonya. Stelingi aliyeufungua ulimwengu wa filamu za mashujaa za Marvel mwaka 2008 akiwa Tony Stark, yaani Iron Man, kisha akafa mbele ya macho yetu mwaka 2019, sasa anarudi akiwa adui: Doctor Doom, katika Avengers: Doomsday, filamu iliyopangiwa kutoka 18 Desemba 2026. Watazamaji wa zamani walizoea kusema stelingi hafi. Marvel imeona isiwe taabu, hata akishazikwa.

Mimi ni mmoja wa waliosonya, na bado sijaridhika. Ila tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza kama malalamiko yangu yana msingi, kwa sababu kila anayelalamikia uteuzi wa mwigizaji hufungwa mdomo kwa jina moja: Heath Ledger.

Jina hilo lina uzito, tukubali. Ledger alipotangazwa kuwa Joker, adui wa Batman, mwaka 2006, watu walimfahamu kwa mapenzi ya vijana wa sekondari na kwa Brokeback Mountain, wakauliza huyu ukatili atautoa wapi. The Dark Knight ilitoka Julai 2008, miezi sita baada ya kifo chake, na Februari 2009 familia yake ikapanda jukwaani kupokea Oscar aliyoshinda. Kabla yake kulikuwa na Michael Keaton, mchekeshaji aliyepewa vazi la Batman mwaka 1988. Barua za kupinga zilizofika Warner Bros. hutajwa kuwa kama 50,000, na mwaka uliofuata filamu ikaingiza zaidi ya dola milioni 400. Mwaka 2005 Daniel Craig alikataliwa kuwa James Bond kwa kosa la kuwa na nywele za rangi ya dhahabu. Akaigiza Bond filamu tano, hadi 2021.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha Anne Rice. Yeye hakuwa shabiki wa pembeni. Ndiye aliyemtunga Lestat, yule mnyonya damu wa Interview with the Vampire, na Tom Cruise alipopewa nafasi hiyo alisema hadharani kwamba uteuzi huo haufai hata kidogo. Kisha akaiona filamu, mwaka 1994, akageuka kabisa, hata akalipia tangazo gazetini kumsifu Cruise. Ikiwa mama wa mhusika mwenyewe hakuweza kuona mbele, mimi niliyetazama picha mbili na kichwa cha habari nitaona nini?

Kuna sababu ya kawaida kabisa ya makosa haya. Wateuzi wa waigizaji hutazama saa nyingi za majaribio mbele ya kamera, humkalisha huyu na yule wasome pamoja waone kama wanaivana, huangalia vitu ambavyo havimo kwenye filamu zilizopita. Sisi tunachopata ni jina. Downey mwenyewe ni mfano mzuri: studio ilisita kumpa Iron Man kwa sababu ya historia yake ya dawa za kulevya na kifungo, mwongozaji Jon Favreau akamng'ang'ania, na jaribio mbele ya kamera likamaliza ubishi. Oscar zenyewe zimechelewa mno kuitambua kazi hii: tuzo ya uteuzi wa waigizaji imeingizwa kuanzia awamu ya 98, kwa filamu za mwaka 2025. Karibu karne nzima tumewapongeza waigizaji bila kumuuliza aliyewaona kwanza.

Hadi hapo, wanaotuambia tunyamaze wanaonekana kushinda. Hoja yao lakini ina ujanja ndani yake, hata kama hawajui. Malalamiko yaliyoumbuka ndiyo yanayosimuliwa kila mwaka, maana ni hadithi tamu. Yaliyokuwa sahihi hayana msimulizi.

Agosti 2017 Ed Skrein alitangazwa kuigiza Ben Daimio katika Hellboy, mhusika ambaye katika vitabu vya katuni ana asili ya Kijapani. Skrein ni Mwingereza mzungu. Watu wakapiga kelele, na baada ya siku chache yeye mwenyewe akajitoa, nafasi ikaenda kwa Daniel Dae Kim, mwigizaji mwenye asili ya Asia. (Filamu ilipotoka 2019 ilianguka vilevile. Uteuzi wa haki hautibu hadithi mbovu.) Mwaka huohuo wa 2017 Scarlett Johansson, Mmarekani mzungu, alibeba Ghost in the Shell, hadithi ya Kijapani tangu mizizi yake, na kigogo wa usambazaji wa Paramount akakiri kwamba mjadala kuhusu uteuzi ulichangia tahakiki mbaya. Halafu kuna Zoe Saldaña, aliyepakwa rangi ya kutia weusi na kubandikwa pua bandia ili awe Nina Simone, mwimbaji Mweusi wa Marekani, katika filamu ya 2016. Mwaka 2020 aliomba radhi, akasema hakupaswa kuikubali kazi ile. Waliopinga walikuwa wamesema hivyohivyo miaka mingi kabla.

Ukiweka mafungu haya mawili kando kwa kando, tofauti inaonekana. Waliompinga Keaton, Ledger na Craig walikuwa wanalinganisha sura na kumbukumbu zao: hafanani na ninayemjua. Waliopinga uteuzi wa Skrein na wa Saldaña walikuwa wanauliza jambo jingine: mhusika huyu ni nani, nani kanyimwa nafasi, na kwa nini. Lawama za aina ya kwanza ni ubashiri kuhusu uigizaji ambao haujafanyika, na ubashiri huo huharibika mara nyingi. Za aina ya pili zinahoji uamuzi ambao tayari umefanyika, kwa hiyo huna haja ya kusubiri trela.

Mpaka kati ya aina hizi mbili hauko wazi kila mahali. Katika kisa cha Nina Simone, sura ndiyo hasa iliyokuwa hoja: maisha yake yalijaa milango iliyofungwa kwa sababu ya weusi wake, hivyo kuiweka rangi hiyo juu ya uso wa mtu mwingine ni kuichokonoa hadithi yenyewe. Linganisha na kelele za Julai 2019, Halle Bailey, mwigizaji Mweusi, alipopewa Ariel wa The Little Mermaid. Ariel ni nguva. Hakuna tukio hata moja katika hadithi yake linalotegemea rangi ya ngozi, na waliopinga hawakuwahi kulionyesha. Sura ina uzito pale hadithi inapoihitaji, na anayepinga ndiye anayepaswa kuonyesha inaihitaji wapi.

Sasa turudi kwa Downey. Hakuna mwenye akili timamu anayesema hawezi kuigiza. Machi 2024 alishinda Oscar kwa Oppenheimer, miezi minne tu kabla ya ile barakoa kuvuliwa. Ninachopinga ni sababu. Adui mkuu aliyekuwa ameandaliwa alikuwa Kang, na Desemba 2023 Marvel ilimwachisha kazi Jonathan Majors, aliyekuwa akimwigiza, baada ya mahakama ya New York kumtia hatiani kwa shambulio. Mwezi mmoja kabla, The Marvels ilikuwa imetoka na kuishia na mapato madogo kuliko filamu zote za mfululizo huo. Studio iliyoumia mara mbili ikafungua sanduku la kumbukumbu na kumtoa mtu wetu sote. Hiyo ni biashara, naielewa. Lakini Doom, aliyebuniwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1962, ni mtu anayeuficha uso wake na kujivunia kwamba hafanani na yeyote. Kumpa uso unaojulikana kuliko wote katika mfululizo mzima ni kumbebesha mzigo ambao si wake. Isitoshe, katika vitabu wazazi wake ni Waromani (si watu wa mji wa Roma, bali jamii ya Ulaya iliyozoeleka kuitwa Gypsies), jamii inayoonekana kwa nadra sana katika filamu kubwa, na nafasi hiyo imepita bila hata kujadiliwa sana.

Upande wa pili nao una neno, na si neno dogo. Mwaka 2016 vitabu vyenyewe vilimvisha Doom vazi la Iron Man, kwa hiyo kuwafungamanisha wawili hawa hakukuzuka San Diego. Waongozaji ni ndugu Russo, waliomaliza hadithi ya Stark bila kuiharibu. Na kama filamu itaitumia ile sura kwa makusudi, mashujaa wakamtazama adui na kumwona rafiki waliyemzika, basi kinachoniudhi leo kitakuwa ndicho kinachowaumiza wao. Hapo nitanyamaza. Ikiwa sura hiyo haitakuwa na kazi yoyote ndani ya hadithi, itabaki kuwa tangazo la biashara lililovalishwa joho.

Na matangazo haya yamekuwa burudani kamili. Machi 2025 Marvel ilirusha moja kwa moja, kwa zaidi ya saa 5, kamera ikipita polepole nyuma ya viti vyenye majina ya waigizaji. Viti! Watu walikaa kutazama, nami nilikuwemo. Anayekasirika na anayeshangilia wote wanaisambaza habari ileile bure, na studio haitofautishi kati yao.

Kwa kipimo hichohicho, kelele kuhusu filamu nne za Beatles, lile kundi la muziki la Liverpool, zinazoongozwa na Sam Mendes zimeelekezwa pasipostahili. Paul Mescal ni McCartney, Harris Dickinson ni Lennon, Joseph Quinn ni Harrison na Barry Keoghan ni Ringo, na zote nne zimepangiwa Aprili 2028. Watu wanapima pua na nyusi, wanauliza kwa nini Mescal na Keoghan, Waairishi, waigize vijana wa Liverpool. Lafudhi hufundishwa. Ningependa tuulize zaidi kuhusu ruhusa: hii ni mara ya kwanza Apple Corps (kampuni ya Beatles), McCartney, Ringo na familia za wawili waliofariki, Lennon na Harrison, kutoa haki kamili za maisha na muziki kwa filamu za kuigiza. Mwenye mali akiruhusu, anaruhusu pia aibu zake zionekane? Lennon ana mengi ya kuficha, na McCartney analinda historia yake tangu kundi livunjike. Ndiyo maana nitaanza na ile ya Ringo. Kati ya wanne, yeye ndiye filamu ina sababu ndogo zaidi ya kumpamba.