Mgeni wa Kulipia: Wanafunzi wa Kigeni katika Nyumba za Unguja

Vyuo vya ng'ambo vikifunga, familia za Mji Mkongwe, Kikwajuni na mitaa ya jirani huombwa kupokea wanafunzi wanaokuja kusoma Kiswahili. Jambo hili si la jana. Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970, na ingawa baadaye iliingizwa ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, wageni bado wanaijua njia. Mwanafunzi anapewa chumba, chai ya asubuhi na chakula cha usiku, na familia inalipwa.

Hayo malipo ndiyo yanayozua maneno. Wapo wanaosema hela ikiingia ukarimu unatoka, na hoja yao si ya kupuuzwa. Mgeni anayelipa anaweza kudai. Watoto wanahamishiwa ukumbini ili chumba kiwe chake, na mama mwenye nyumba anajikuta mtumishi nyumbani kwake mwenyewe. Wanaosema hivi hutolea mfano Marekani, ambako familia zinazopokea vijana wa sekondari wa YES, mpango wa serikali ya Marekani wa kubadilishana wanafunzi, ulioanza mwaka 2002 na ambao umekuwa ukichukua pia vijana wa Tanzania na Kenya, hazilipwi kitu. Kama wao wanaweza, sisi tuliojulikana kwa kukirimu tunashindwaje?

Mfano huo unaacha jambo kubwa nje. Ukarimu wetu wa asili ulikuwa na kikomo, na kila mtu anakijua: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu anakaa wiki nane. Ukiondoa malipo, watakaobaki kupokea ni wenye nafasi tu, na mwanafunzi atarudi kwao akidhani Unguja yote ina kiyoyozi na jenereta. Mimi niko upande wa kulipa. Ninachogombania ni hela hiyo inamfikia nani. Mara nyingi bahasha inapokewa na baba, na kazi inafanywa na mama na mabinti. Ipo mitaa ambayo maji ya mfereji hutoka usiku wa manane. Msichana wa nyumba anaamka kujaza madumu na mapipa, na asubuhi mgeni, ambaye hajaambiwa neno, anamaliza ndoo tatu kwa kuoga mara moja. Si kosa lake. Anayepaswa kumweleza, na anayepaswa kumlipa yule msichana au mama yake mkononi, ni chuo kilichomleta.

Upande wa pili wa suala ni kile anachoonyeshwa. Familia nyingi humwekea meza yake peke yake: mayai, soseji, mkate wa kununua, na watoto wanamzungumzisha Kiingereza. Siwalaumu watoto, mwenye mtihani wa Kidato cha Nne akipata wa kuzungumza naye Kiingereza bure, kwa nini asifaidi? Lakini mgeni hakuja kwa hilo. Mkalishe kwenye mbuzi akune nazi mbili. Vidole vitakwaruzika kidogo, tui la kwanza litamwagika akilikamua kwa kifumbu, bibi atamkaripia na kumwonyesha tena, na katika saa moja atakuwa ameamrishwa, amekosolewa na ametaniwa kwa Kiswahili ambacho hakuna mwalimu wa darasani anayeweza kumpa. Mwezi wa Ramadhani ndivyo hivyo. Haimlazimu kufunga, lakini akisaidia kuchoma kaimati na kukaa mkekani kusubiri adhana ya magharibi, anajua futari ni nini kuliko aliyeletewa sahani chumbani.

Hapa wenye wasiwasi wananijibu kwamba nyumba ina stara yake, nao wana haki kabisa. Jikoni ndiko wanawake wanakokaa bila ushungi, ndiko yanakozungumzwa ya ndani. Picha moja iliyopigwa bila ruhusa na kurushwa mtandaoni inaweza kumvunjia mtu heshima mtaa mzima, na hata kama itafutwa, walioiona wameshaiona. Pia kuna nyumba zenye mabinti wakubwa ambazo hazitaki mvulana wa kigeni alale humo, na hazipaswi kulazimishwa wala kuonekana zina roho mbaya. Kwangu mimi jibu ni kumfungulia mgeni jiko na kuifungia nje kamera. Aambiwe kabla hajashuka uwanja wa ndege, maana akiambiwa baada ya kukosea, aibu inakuwa ya pande zote mbili.

Lililobaki linaniuma zaidi kuliko yote, nalo ni hili neno "kubadilishana". Wao wanakuja, wetu wanaokwenda ni wachache mno. Wanaochaguliwa na YES ni sehemu ndogo ya wanaoomba, na yule msichana wa madumu pengine hakuwahi kusikia kwamba fomu zipo. Chuo kinacholeta wanafunzi mtaa uleule mwaka hadi mwaka kinaweza kutenga nafasi moja ya masomo kwa kijana wa hapo. Watasema tatizo ni viza, na kweli viza ni ngumu. Lakini kijana anayevuka bahari kwenda ubalozini Dar es Salaam akiwa na barua ya chuo na mdhamini haendi sawa na anayekwenda na pasipoti peke yake.