Misaada ya Uingereza ikatwe? Kabla ya kushangilia tuanzie Naliendele

Tangu Februari 2025, pale Waziri Mkuu wa Uingereza Keir Starmer aliposema wanashusha misaada yao ya nje kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa mpaka 0.3 ifikapo 2027 ili hela iende jeshini, huku kwetu Mtwara nimesikia shangwe nyingi kuliko masikitiko. Kaa stendi, kaa kwenye ofisi ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, siku ya mnada, hoja ni ile ile: wakate tu, sisi hatutaki misaada, tunataka biashara, wanunue korosho kwa bei ya maana mambo yaishe. Na wenyewe Waingereza wanaongea karibu hivyo hivyo, waziri wao wa maendeleo Jenny Chapman alisema Mei mwaka huo huo kwamba siku za kuiona serikali yao kama shirika la hisani la dunia zimekwisha, sasa ni ubia.

Hiyo hoja naielewa na kipande chake nakikubali kabisa. Ila kuna upande ambao naona hausikilizwi vizuri, na kinachoniuma zaidi ni kwamba ushahidi wake uko hapa hapa kwetu, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, kilomita chache tu kutoka Mtwara mjini.

Wanaoshangilia wana sababu zao, tusiwabeze. Mtu wa Nachingwea huwezi kumwambia mipango ya wazungu ni baraka tupu, maana yeye anaishi juu ya mashamba ya karanga. Baada ya vita ya pili Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, serikali yao ikaja na mpango wa kufyeka ekari zaidi ya milioni 3 Afrika Mashariki, sehemu kubwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yakaja, reli ikajengwa kutoka pwani kwenda bara, na ilipofika Januari 1951 wakatangaza basi, hela iliyofutwa kwenye vitabu ilikuwa kama pauni milioni 36. Udongo wenyewe ulikuwa unakauka unakuwa mgumu kiasi kwamba karanga hazing'oki, mvua haikuwa ya kutabirika, na wenyeji waliokuwa wanaijua ardhi yao hawakuulizwa kitu. Reli ikaja kung'olewa. Kilichobaki na faida kubwa mpaka leo ni bandari ya Mtwara yenye kina kirefu, iliyokamilika 1954, ndiyo hiyo tunayopakilia korosho.

Halafu kuna hii ya masharti. 2014 wahisani, Uingereza wakiwemo, walishikilia hela za kusapoti bajeti yetu kwa sababu ya sakata la Tegeta Escrow, la hela zilizochotwa kwenye akaunti iliyokuwa Benki Kuu. Unaweza kusema walikuwa na haki maana hela ya umma ilikuwa imechezewa, lakini nchi ambayo bajeti yake inaweza kusimamishwa na balozi kadhaa wakikaa kikao haiwezi kujiita imejitegemea, hapo sina ubishi na mtu.

Sasa twende Naliendele.

Vijana wengi wanaolima korosho leo hawajui kwamba hili zao lilikaribia kufa. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna kama tani 145,000, ilipofika 1986/87 hata tani 20,000 hatukufikisha. Sababu zilikuwa nyingi, watu walihamishiwa vijiji vya Ujamaa wakaiacha mikorosho mbali na nyumba, bei ikawa ya kukatisha tamaa, na juu ya hayo yote ukaja ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe kwenye maua na machipukizi, ulioanza kuripotiwa nchini mwishoni mwa miaka ya 70. Ua likishapata ule unga linakauka, hakuna bibo hakuna korosho. Wazee wetu walikata mikorosho wakachoma mkaa, na ukiwauliza watakuambia hawakuwa wajinga, mti usiozaa unaufanyia nini.

Kilichoirudisha korosho ni kazi ya miaka ya watafiti wetu wa kituo cha Naliendele, na sehemu ya kazi hiyo, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 80 kuingia 90, ililipiwa na msaada wa Uingereza, wataalamu wao wakakaa hapa wakifanya kazi na wa kwetu. Walijaribu salfa, ile dawa ya unga wa njano, walipima ipigwe lini na kiasi gani, wakachagua mikorosho inayozaa vizuri na kuhimili ugonjwa, wakafundisha kubebesha miti mizee vikonyo vipya. Leo mkulima wa Tandahimba au Newala anaamka kabla jua halijatoka, umande bado uko kwenye majani na upepo haujaanza, anabeba mashine ya kupulizia mgongoni anapita chini ya mikorosho ule unga wa njano unapanda juu, anafanya hivyo kwa sababu kuna watu walikaa shambani msimu baada ya msimu wakahakikisha kwamba alfajiri ndiyo wakati salfa inashika vizuri. Yeye anaona ni kilimo cha kawaida tu. Matokeo yake 2017/18 tukafika tani zaidi ya 313,000, na msimu wa 2024/25 tukavuka laki tano.

Kwa hiyo mtu akiniambia tunataka biashara hatutaki misaada, namuuliza hiyo biashara unayoisema imetoka wapi? Korosho inayopigwa mnada ina msaada ndani yake. Nchi ni ile ile Uingereza, mara ya kwanza ilikuja na shida yake ya mafuta ya kula ikalazimisha udongo wetu uitatue, ikashindwa vibaya, mara ya pili ikatia hela kwenye shida ambayo mkulima wa hapa alikuwa nayo tayari, na kituo kilichokuwepo tayari, na watafiti wa kwetu wenyewe, ikafanikiwa. Ya kwanza kila mtu anaijua, ya pili hakuna anayeisimulia kwa sababu haikuacha matrekta porini.

Tuje kwenye biashara yenyewe. Wanaosema Uingereza itupe soko badala ya hela sijui kama wanajua kwamba mlango wa ushuru kwetu uko wazi siku nyingi. Tanzania tuko kwenye kundi la nchi zenye maendeleo duni, tangu 2001 kupitia Umoja wa Ulaya, na baadaye Uingereza ilipojitoa kupitia mpango wake yenyewe ulioanza Juni 2023, karibu kila kitu tunachouza isipokuwa silaha kinaingia bila ushuru na bila kikomo cha kiasi. Ni zaidi ya miaka 20 sasa. Na bado korosho yetu nyingi inaondoka Mtwara ikiwa ghafi kwenye magunia, inakwenda Vietnam na India, inabanguliwa kule, ndiyo inaishia kwenye meza za Ulaya na Marekani. Kilo nne hadi tano za ghafi zinatoa kama kilo moja ya iliyobanguliwa, maana yake tunasafirisha na maganda kuvuka bahari ili wenzetu wapate ajira ya kuyatoa. Ushuru sifuri haubangui korosho. Kinachobangua ni umeme usiokatika, mashine, mkopo wa riba ambayo mwenye kiwanda anaimudu ili anunue korosho ya mwaka mzima ndani ya miezi mitatu ya msimu, na maabara inayompa cheti mnunuzi wa London akakiamini. Vile viwanda vilivyojengwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia miaka ya 70 na 80 vingi viligeuka maghala, na havikufa kwa ushuru wa Ulaya.

Kufuta ushuru kwenye bidhaa ambayo haijatengenezwa ni ahadi rahisi sana kwa anayeitoa, haimgharimu hata senti. Biashara kubwa nayo inakuja ikitaka yenyewe, ndugu zetu wa Lindi wanaujua mradi wa gesi asilia wa Likong'o, Shell ya Uingereza imo, Equinor ya Norway imo, mazungumzo yamekwenda miaka na miaka na kiwanda hakijasimama. Siwalaumu, kampuni inaangalia hesabu zake. Ila mtu asiniambie hiyo ndiyo mbadala wa dawa zahanati.

Kuna namba moja inanisumbua sana kwenye huu mjadala. Kanuni za OECD, jumuiya ya nchi tajiri, zinaruhusu nchi tajiri ihesabu gharama za kumtunza mkimbizi ndani ya nchi yake, kwa miezi 12 ya mwanzo, kama msaada wa nje. Mwaka 2022 Uingereza ilitangaza msaada wa pauni bilioni 12.8, ndani yake bilioni 3.7 zilikuwa za wakimbizi na waomba hifadhi walioko Uingereza kwenyewe, sehemu kubwa ikienda kwenye mahoteli. 2023 ikatangaza bilioni 15.3, za ndani zikawa 4.3. Zaidi ya robo! Sisemi mkimbizi asipewe pa kulala, hapana, apewe na atunzwe. Nasema hiyo hela haikuvuka bahari. Chukua hiyo 0.5 utoe robo yake na zaidi, iliyotoka nje kweli ni kama 0.36. Kumbuka hawa ndio walioweka sheria 2015 kwamba watatoa 0.7 kila mwaka, wakashuka 0.5 kuanzia 2021 wakisema ni ya muda kwa sababu ya korona, sasa 0.3, na humo humo kwenye 0.3 bili za hoteli bado zinaruhusiwa kukaa. Halafu anatokea mtu, awe mbunge wa kule au mtu wa huku, anasema tumetoa misaada miaka yote Afrika haijabadilika. Msaada upi? Ule uliolipa kitanda London ndio uliokuwa uibadilishe Masasi? Ukitaka kusema msaada umeshindwa, kwanza toa kwenye hesabu ile ambayo haikuwahi kufika, ndipo tubishane.

Na ukiangalia kilichokatwa unaona ni vile vitu ambavyo hakuna mfanyabiashara atakayevigusa. Baada ya mkato wa 2021 mradi mkubwa wa Uingereza wa magonjwa yasiyopewa kipaumbele, uliokuwa unafanya kazi nchi nyingi za Afrika na Asia, ulikatishwa kabla ya muda wake. Haya magonjwa sisi watu wa pwani tunayajua kwa majina, matende na mabusha. Pwani ya Lindi na Mtwara ni kati ya maeneo yaliyochelewa sana kuachana nayo. Mvuvi mwenye busha hawezi kuvuta nyavu vizuri, anavaa msuli mpana, baraza haendi, msikitini anakaa nyuma, wengine ndoa zinakufa kimya kimya, na upasuaji wake siyo wa maajabu, daktari aliyefundishwa vizuri kwenye hospitali ya wilaya anaumaliza. Dawa ya kuzuia minyoo inayoyaleta yenyewe inatolewa bure, albendazole inatoka kampuni ya GSK, ya Uingereza hiyo hiyo, lakini dawa ya bure bohari haimezwi na mtu. Kuna mhudumu wa kijiji anazunguka nyumba kwa nyumba siku za kingatiba, anamsimamisha kila mtu kwenye fimbo ya kupimia urefu ajue ampe vidonge vingapi, kuna mafuta ya pikipiki, kuna posho, kuna mtu wa kurudi kupima damu usiku aone vimelea vimeisha au la. Hiyo ndiyo iliyokuwa inalipiwa na hela za namna hii. Soko halitalipa hata siku moja kwa sababu mgonjwa wa busha hana cha kuuza.

Wanaosema serikali yetu ndiyo ilitakiwa kulipia haya wako sahihi, na hapo ndipo ningetaka hasira yao iende badala ya kushangilia. Korosho ghafi inayotoka nje inalipiwa ushuru wa asilimia 15 ya thamani au dola 160 kwa tani, kile kilicho kikubwa. Zamani sehemu kubwa ya hiyo hela ilirudi kwenye zao, 2018 sheria ikabadilishwa ikaenda yote Hazina, wabunge wa Kusini walipiga kelele mpaka wakachoka, baadaye serikali ikaanza kugawa salfa ya ruzuku na hilo limesaidia sana. Lakini salfa ni matumizi ya utafiti wa jana. Magonjwa mapya ya mikorosho yapo, mnyauko upo, na anayetakiwa kuyashughulikia ni Naliendele, ambayo haiwezi tena kumsubiri Mwingereza. Kama kweli tumechagua kujitegemea basi iandikwe kwenye sheria ni shilingi ngapi za kila tani zinakwenda kwenye utafiti na zisiguswe, na mkulima anayekatwa hela kila mnada asomewe hiyo namba kwenye mkutano wa chama chake kabla ya minada ya Oktoba kufunguliwa.