Kasi ya msuli: ni neva au ni nyuzi?

Septemba 2025 mjini Tokyo, Mtanzania Alphonce Simbu alimpiku Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03 na kutwaa ubingwa wa dunia wa marathoni. Ushindi ule umekoleza ubishi ambao Arusha si mgeni nao: kasi ya kumalizia mtu huzaliwa nayo, au hufundishwa?

Wanaosema huzaliwa nayo wana hoja nzito. Msuli husinyaa kwa kazi ya protini iitwayo myosini, na aina ya myosini uliyo nayo ndiyo inayoweka kikomo cha kasi. Mwaka 1979 mwanasayansi Edman alionyesha kwamba uzi wa msuli wa chura (uzi ni mojawapo ya chembe nyembamba ndefu zinazounda msuli) usiobeba mzigo hufikia kasi ileile ya juu hata ukiwa umeamshwa nusunusu tu. Kwa maneno mengine, neva, yaani mshipa wa fahamu unaoamuru msuli, ikituma ishara nyingi zaidi, kikomo hicho hakipandi.

Lakini mkimbiaji hakimbii bila mzigo, na hapo ndipo neva inapodai haki yake. Ishara moja ya neva humwaga kalsiamu, madini yanayoamsha msuli, ndani ya uzi, msuli unakaza kidogo, kisha unalegea. Ishara ya pili ikiwahi kabla haujalegea, nguvu inapanda juu ya nguvu. Ishara zinavyofuatana kwa haraka mwanzoni, ndivyo nguvu inavyopanda upesi. Msuli huhitaji karibu sekunde 0.3 au zaidi kufikia nguvu yake yote. Mguu wa mtu anayechapa mbio fupi hugusa ardhi kwa takriban sekunde 0.1 tu. Kwa hiyo kinachoamua ni kiasi cha nguvu kinachopatikana mapema, wala si kikomo.

Na hili hufundishika. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 na Van Cutsem na wenzake wa Ubelgiji uliwapa watu wiki 12 za kukaza msuli wa mbele ya mguu kwa kasi kubwa. Neva zilizoanza kwa ishara mbili zinazofuatana papo kwa papo ziliongezeka kutoka asilimia 5.2 hadi 32.7.

Kuna ushahidi unaovuruga pande zote mbili. Mwaka 1969 Salmons na Vrbová walisisimua misuli ya sungura yenye kasi kwa ishara 10 kila sekunde, kwa wiki kadhaa, nayo ikawa ya polepole. Kumbe neva huzibadili hata nyuzi zenyewe! Hata hivyo, sungura wale walisisimuliwa muda mrefu mno kuliko mazoezi yoyote ya binadamu, kwa hiyo nisingemwahidi kijana yeyote nyuzi mpya.

Ninachokipinga kwa moyo wote ni kumwambia kijana wa Ngaramtoni, nje kidogo ya Arusha, "huna kasi" ilhali wiki nzima amepewa kilomita ndefu tu. Apewe kwanza mbio fupi za kupanda mlima na mirukoruko, mwili ukiwa haujachoka, na mapumziko marefu katikati, maana neva iliyochoka hupunguza ishara na zoezi zima hupoteza maana.