Filamu za vita vya jangwani ni filamu za maji na malori

Wengi wetu tuliolelewa na vibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea video, tulifundishwa vita na Rambo na Commando. Risasi haziishi, na hakuna anayeuliza petroli ya helikopta imetoka wapi. Ukitoka huko ukakaa mbele ya filamu ya zamani ya jangwani, nyeusi na nyeupe, unashangaa: muda unakwenda, na watu wazima wenye bunduki bado wanabishana kuhusu chupa ya maji. Hapo ndipo waliponikamata mimi. Naamini jangwa la Afrika ya Kaskazini ndilo lililoipa sinema filamu zake bora za vita, na mapigano hayahusiki sana. Mapigano yenyewe mara nyingi ni ya hovyo, vumbi na moshi na kifaru kinachopita mara tatu mbele ya kamera ili vionekane vitatu. Kinachonivuta ni kwamba jangwani mtunzi hana pa kujificha. Lazima atueleze watu hawa wanakunywa nini, wanasafiri na nini, na kikiharibika nani anakitengeneza.

Sahara, ya 1943, iliyoongozwa na Zoltan Korda, inaanzia hapo hapo. Humphrey Bogart ni Sajini Joe Gunn, Mmarekani mwenye kifaru kimoja alichokiita Lulubelle, anayerudi nyuma wakati Tobruk, bandari ya Libya, imeanguka mikononi mwa Wajerumani, Juni 1942. Njiani anaokota watu: Waingereza waliopotezana na wenzao, Mfaransa, sajini Msudani aitwaye Tambul na mateka wake Mwitaliano, kisha rubani wa Kijerumani aliyetunguliwa. Kuanzia hapo filamu nzima ni hesabu ya maji na midomo. Mateka naye apewe? Gunn kwanza anaamua kumwacha Mwitaliano mchangani. Anaondoa kifaru, yule bwana anajikokota nyuma kwa miguu, na baada ya mwendo kidogo kifaru kinasimama. Hakuna hotuba ya utu hapo, na haihitajiki.

Wanafika kwenye kisima kinachodondosha tone moja moja, Tambul anashuka na kuyakinga matone kwa viganja. Ndipo inakuja batalioni nzima ya Kijerumani yenye kiu. Gunn hana maji ya kuwapa, ila wao hawajui. Anatangaza biashara: bunduki kwa maji. Kwangu hiyo ni akili ya kivita inayozidi mizinga yote. (Kisa chenyewe kilichotwa kwenye filamu ya Kisovieti ya Mikhail Romm ya miaka ya 1930, kuhusu watu 13 na kisima katika jangwa la Asia ya Kati, na Libya tunayoionyeshwa ni California. Haijanipunguzia utamu hata kidogo.)

Historia inaziunga mkono filamu hizi. Tangu mwisho wa 1940 hadi mwisho wa 1942 Waingereza kwa upande mmoja, Waitaliano na Wajerumani kwa upande wa pili, walisukumana kwenda na kurudi kati ya El Agheila, Libya, na El Alamein, Misri, na mara nyingi aliyeshinda ndiye aliyeanza kuumia. Ukisonga mbele, bandari inabaki nyuma. Lori linalokuletea petroli nalo linakunywa petroli, kwenda na kurudi, wakati mwenzako aliyekimbia sasa yuko jirani na ghala lake. Ndivyo Rommel, jenerali wa Kijerumani, alivyofika El Alamein: Tobruk ilimpa mateka zaidi ya 30,000, lakini matangi yake yalikuwa yanakaribia kukauka. Askari wa Kiingereza mara nyingi alipewa galoni moja ya maji kwa siku, kama lita nne na nusu, ya kunywa, kupikia, kunawa, na pengine kuongezea rejeta. Hata ile jerikeni ya chuma ya lita 20 inayofungwa nyuma ya Landrover ni kazi ya Wajerumani, ambayo Waingereza waliiiga kwa sababu madebe yao wenyewe yalikuwa yakivuja mafuta njia nzima. Filamu inayoyasahau hayo inabaki kuwa filamu ya kofia na bendera.

Kwa hiyo usishangae kwamba kipenzi changu hakina pambano hata moja la maana. Ice Cold in Alex, ya J. Lee Thompson, ya 1958, ni safari ya gari la wagonjwa. Kapteni Anson, anayeigizwa na John Mills, ni mlevi aliyechoka na vita. Anatoka Tobruk na sajini wake, manesi wawili, na abiria wa njiani aitwaye van der Poel, anayejitambulisha kuwa Mwafrika Kusini na asiyependa mtu aliguse begi lake. Wanataka kufika Alexandria, na Anson amejiapiza kutoonja pombe mpaka akae kwenye baa anayoijua huko, mbele ya bia baridi. Yaliyobaki ni barabara tu: eneo la mabomu ya ardhini ambalo lazima mtu atangulie kwa miguu, springi inayokatika, tope la kudidimia.

Halafu kilima cha mchanga. Injini haikiwezi. Wanachomoa plagi, wanaingiza rivasi, na wanalipandisha gari kinyumenyume kwa kuzungusha hendeli kwa mikono, mzunguko baada ya mzunguko, jua likiwachoma visogo. Wakiwa karibu kufika kileleni gari linawaponyoka na kuteremka lote mpaka chini. Wanaanza upya. Aliyewahi kupanda lori la mizigo kwenda Marsabit, au kukwama masika kwenye barabara ya Lindi kabla ya lami, hahitaji kuelezwa tukio lile. Anajua utingo anavyoruka na jiwe la kuzuia tairi, dereva anavyonyamaza ghafla, na abiria waliokuwa wakigombania nauli wanavyogeuka kikosi kimoja bila kuambiwa na mtu.

Van der Poel ni jasusi wa Kijerumani, na wenzake wanalijua kabla ya kufika. (Samahani kwa kuharibu uhondo, lakini filamu ina zaidi ya miaka 60.) Ila huyo huyo ndiye aliyelibeba gari mgongoni wakati wa kubadilisha springi. Utamfanya nini mtu kama huyo? Wanampa bia kwanza. Kisha wanahakikisha anakabidhiwa kama mateka wa vita, maana jasusi angepigwa risasi.

Play Dirty ya 1969, ya André de Toth, inauchukua ufundi huo huo wa malori na kuutia uchungu. Kuna sehemu ndefu, karibu haina maneno, ambapo Michael Caine na wahuni wenzake wanayavuta magari juu ya jabali kwa winchi, moja baada ya jingine. Kebo inalia, wewe unabana pumzi. Wametumwa kulipua ghala la mafuta la adui. Baadaye makao makuu yanaona ghala litawafaa wao wenyewe, basi siri ya wale vijana inauzwa kwa Wajerumani. Waliokulia kwenye vibanda wanajua sheria kwamba steringi hafi. Hapa steringi anauawa na askari wa upande wake mwenyewe, akiwa na kitambaa cheupe, kwa sababu amevaa sare za Kijerumani.

Ninachokichukia katika aina hii ya filamu ni Rommel. Si Rommel wa vitabu vya historia, ni yule wa James Mason katika The Desert Fox ya 1951, muungwana, mwenye huzuni, aliyebebeshwa makosa ya wakubwa wake. Mason akamrudia tena katika The Desert Rats mwaka 1953. Miaka ile Marekani na Uingereza zilimhitaji Mjerumani wa Magharibi upande wao dhidi ya Wasovieti, na 1955 nchi yake ikaingia NATO, umoja wao wa kijeshi. Jenerali msafi aliyepigana kistaarabu huko mchangani alifaa sana kwa kazi hiyo. Kumbe Tunisia, Wajerumani walipoishikilia kuanzia Novemba 1942 hadi Mei 1943, Wayahudi walikusanywa na kupelekwa kwenye kambi za kazi za shuruti. Jangwa la sinema limefagiliwa, mambo hayo hayamo.

Wala wenyeji hawamo. Ukizitazama filamu hizi mfululizo utadhani Libya ilikuwa uwanja mtupu uliosubiri Wazungu waje wapigane. Miaka michache tu kabla, Waitaliano walikuwa wamewafungia watu wa Cyrenaica, mashariki ya Libya, kwenye kambi walikofia maelfu kwa maelfu, na mwaka 1931 wakamnyonga mzee Omar al-Mukhtar, kiongozi wa upinzani dhidi yao. Ilibidi kusubiri Lion of the Desert ya Moustapha Akkad, 1981, ili Mlibya awe na jina na usemi katika vita vya nchi yake. Fedha zilitoka kwa Gaddafi, na filamu ni ndefu kupita kiasi, lakini naitetea.

Ndiyo maana namrudia Tambul. Aliyemwigiza ni Rex Ingram, Mmarekani mweusi, katika mwaka ambao jeshi la Marekani lilikuwa bado linawatenga weusi na weupe. Rubani wa Kijerumani hataki kupekuliwa na mtu mweusi, na baadaye, akitoroka, ni Tambul anayemkimbiza na kummaliza kwa mikono. Zaidi ya hapo, Tambul ana maisha. Mmarekani mmoja wa Texas anamuuliza kuhusu wake wanne. Anajibu kwamba anaye mmoja tu, kwa kuwa mke wake asingependa. Nani kati yetu hajawahi kumsikia mzee akilijibu swali hilo hivyo hivyo?

Baada ya huyo, kimya. Wazee wa keya, yaani King's African Rifles, tuliozoea kusikia habari zao walisimulia Uhabeshi na Burma, lakini wapo Waafrika Mashariki waliopelekwa Mashariki ya Kati na Afrika ya Kaskazini katika vikosi vya kazi. Wakongo wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Wabelgiji, walifika Misri. Shaaban Robert aliitungia vita ile utenzi mrefu, tangu 1939 hata 1945, kwa hiyo hata kwa Kiswahili haikuwa habari ya mbali. Sinema ikawaona kama watu wa kupita nyuma na masanduku.

Mtazame Job Maseko, Mwafrika Kusini aliyetekwa Tobruk na kulazimishwa kufanya kazi bandarini. Julai 1942 alitengeneza bomu kwa kopo la maziwa na baruti ya risasi, kwa ujuzi alioupata migodini, akalificha chini ya meli ya Kijerumani katikati ya mapipa ya petroli, akawasha utambi mrefu, akarudi kazini na wenzake. Meli ikazama. Akapewa Military Medal, nishani ya Kiingereza ya ushujaa, na 1952 akafa kwa kugongwa na treni, akiwa maskini. Petroli imo, kopo limo, na mtu anayezihesabu dakika huku akijifanya anabeba mzigo yumo. Sioni mwongozaji anahitaji kuongezewa nini, na mimi tiketi ningenunua leo.